Zamu ya Kupeleka Kaye

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti karibu, maana nitaeleza polepole na sitaki neno likupite. Nataka kukueleza juu ya mtu mmoja aliyetufundisha kuimba pale Gisenyi, katika miaka ile ambayo watu walifunga milango jua likiwa bado juu. Jina lake sitalitaja. Hata sisi hatukulitumia. Tulimwita Mwalimu, na ukisema Mwalimu katika mtaa wetu hakuna aliyedhani unasema mwalimu wa shule.

Hakuwa na kinanda. Alikuwa na chupa ya soda yenye maji, na ubavuni mwake alikuwa amekwaruza alama kwa msumari. Maji yalipofika kwenye alama, aliigonga kwa kijiko, akainamisha sikio, kisha akasema, "Bon. Do iko hapa." Basi tulianza. Shida ilikuja siku za joto. Mtu akiisahau chupa dirishani, maji yalipungua bila yeye kuona, do ikapanda, na kina mama wa sauti ya kwanza wakabaki kunyoosha shingo kama kuku wanaokunywa. Siku moja seremala mmoja wa sauti ya nne alimwambia, "Mwalimu, leo do umeiweka kule juu Mudende. Sisi wa huku chini tutaifikaje?" Mwalimu alichungulia chupa, akaongeza maji kidogo kidogo kwa kiganja, akagonga tena. "Imeshuka. Panda nayo taratibu, usiiogope."

Alikuwa na subira hiyo kwa sauti za watu. Mtu angeweza kukosea mstari mmoja mara kumi, naye angesema, "Pumzi yako iliisha mapema, tuitafute." Kwa saa hakuwa na subira hata kidogo. Mazoezi yalianza saa nane ya Jumamosi na kwisha saa kumi kamili, hata kama tulikuwa katikati ya neno. Sababu kila mtu aliijua. Wapiganaji walikuwa wakishuka kutoka misitu ya volkano, askari wakipanda kuwatafuta, na wa Mudende waliokuwa kati yao walikuwa wakulima na viazi vyao. Mjini tuliishi kwa kusikiliza. Mlio wa bunduki ukisikika upande wa Nyundo, mama mmoja angefunga kitambaa upya kichwani, mwingine angetazama mlango, na Mwalimu angegonga chupa yake tena.

Sasa nikueleze kaye, maana bila kaye hutamwelewa mtu huyu. Kaye ndilo neno letu la daftari la shule. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vimepotea wakati watu walipokimbia, kwa hiyo Mwalimu alinakili nyimbo kwa mkono wake, kwa wino wa buluu. Alinakili kaye moja kwa waimbaji wawili, na juu ya jalada aliandika majina yao yote mawili. Jumamosi mmoja aliondoka nayo. Jumatano aliipeleka nyumbani kwa mwenzake, wakakaa wakajifunza wimbo pamoja, akaiacha huko. Wiki iliyofuata yule mwingine aliileta kwake. Masharti yalikuwa matatu: usimtume mtoto, usiishie mlangoni, na ukipewa kitu unywe.

Huenda unajiuliza kwa nini asinakili kaye mbili mbili. Karatasi haikuwa ghali kiasi hicho. Tulimuuliza pia. Alisema, "Mungu hakutuma barua, alikuja kukaa na sisi. Nanyi mukae."

Kwenye benchi zile tulikuwa tumeketi watu wa aina tatu, na kila mmoja aliwahesabu wenzake kimya kimya. Walikuwapo ambao hawakuwahi kuondoka Rwanda. Tulikuwapo sisi tuliotoka Masisi na Goma mwaka 1994, baada ya vita, wengi wetu tukiwa tumezaliwa hukohuko Kongo. Na walikuwapo waliorudi kutoka kambi za ng'ambo ya mpaka mwishoni mwa 1996. Tulisema "Bwana asifiwe" vizuri sana, tukarudi nyumbani kwa njia tatu tofauti.

Mimi na mume wangu, Baba Furaha, tulikuwa tumefika na mtoto mmoja na magodoro mawili. Tulikuta nyumba zimeachwa wazi. Tukaingia katika moja ya mawe meusi, karibu na soko, tukafagia, tukakaa. Wengi walifanya vivyo hivyo. Kisha wenye nyumba walirudi, na serikali ikasema kila mmoja arudishiwe yake. Mwenye nyumba yetu alikuwa Mama Esperansi. Aliandika jina lake kwenye ofisi ya komini, yaani ya wilaya yetu, akaambiwa angoje, akaenda kukaa katika kibanda cha jikoni kwenye kiwanja cha binamu yake. Jumamosi moja aliingia kanisani kwetu, akakaa sauti ya pili. Mimi nilikuwa sauti ya pili.

Mwalimu alisoma majina ya kaye mpya: "Mama Furaha na Mama Esperansi."

Baada ya mazoezi nilimfuata. "Mwalimu, mi siwezi. Ile nyumba tunakaa ni yake."

"Najua."

"Atakuja vipi pale?"

"Kwa miguu," alisema. Aliona sikucheka, akaweka kijiko mfukoni. "Mama Furaha, mutu mwingine angekuja kwako kama mugeni. Yeye anajua mlango unafunguka upande gani. Muanzie hapo."

Wiki ya kwanza kaye alikuwa nayo yeye. Alikuja Jumatano, akabisha mlango wake mwenyewe, akangoja nimkaribishe. Alikaa ukingoni mwa kiti, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, mahali palipokuwa na msumari mtupu. Sikumuuliza kilining'inia nini. Nilimimina chai. Kwetu anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza mbele yake, amwonyeshe kwamba hakuna kibaya ndani. Nilionja, nikampa. Alikishika kikombe mpaka chai ikapoa, akakiweka chini kikiwa kimejaa. Tulisoma maneno ya wimbo kama watu wanaosoma tangazo. Akaenda.

Wiki ya pili tulifanya ujanja. Tulikutana njiani, karibu na ziwa, kaye ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akageukia kwake. Hakuna aliyetuona. Jumamosi Mwalimu alitusimamisha wawili, tuimbe peke yetu. Tuliimba bila kukosa neno hata moja. Akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Mulipeana ku njia."

Mama Esperansi aliuliza kwa sauti ndogo, "Nani amekuambia?"

"Nyinyi. Wewe unapumua hapa, yeye anapumua pale. Watu wawili wakijifunza juu ya kaye moja, vichwa vinakaribiana, wanasikia pumzi. Nyinyi kila mutu ameimba na ukuta wake. Murudie."

Tukarudia. Ilichukua miezi. Nakuambia hivyo ili usikate tamaa na mtu wako baada ya ziara mbili. Jumatano moja nilimletea Mama Esperansi kikombe, na kabla sijakionja alikichukua mkononi mwangu, akanywa, akaendelea kusema jambo alilokuwa akisema juu ya bei ya sambaza, vile visamaki vya ziwani. Hakujua kama nimeona. Niliingia jikoni nikasimama huko kidogo. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba tumeanza kusali pamoja kweli, ingawa sala zilikuwa zimeanza zamani.

Lakini sitaki umfikirie Mwalimu kuwa mtakatifu. Mtu huyu aliyetusukuma sote katika nyumba za wenzetu hakuna aliyewahi kuingia kwake. Ukifika, alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake, mkasema mkiwa mmesimama. Kaye zote zilikuwa na majina mawili, ila yeye hakuwa na mwenzi wa kaye. Na kulikuwa na njia moja, ile inayofuata ziwa kuelekea mpakani, ambayo hakuipita kamwe. Kwaya ikialikwa upande huo, sisi tulipita kando ya ziwa, naye alizunguka juu, akafika amechoka na vumbi miguuni. Tulimtania kwamba anaogopa maji.

Sasa nifike kwenye siku ngumu.

Ilikuwa Jumanne, tunakula. Baba Furaha alisema bila kuinua macho, "Yule mama yako wa kaye, kila Jumatatu anapanda njia ya Mudende na kitunga kimefunikwa. Anarudi nacho kitupu. Kule juu analisha nani?"

"Sijui."

"Batu banasema wanajua. Kesho kutwa konseye wa sekta atakuwa ofisini. Nitaenda niseme."

"Useme nini, Baba Furaha? Umeona nini?"

"Nimeona kitunga. Nitasema kitunga."

Hakuwa mtu mbaya, ujue. Alikuwa na hofu kama wote. Lakini wakati ule kusema kitunga mbele ya konseye, kiongozi wa sekta yetu, kulitosha. Mtu aliyetajwa kuwalisha watu wa msituni alichukuliwa siku hiyohiyo, na wengine hatukuwaona tena. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mume wangu hakulisema, nami sikulisema, likakaa mezani kati yetu kama sahani ya tatu: mwenye nyumba akichukuliwa, nyumba inabaki kwetu.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu. Alitoka, akauvuta mlango. Nilimweleza yote.

"Kaye iko kwa nani wiki hii?" aliuliza.

Nilikasirika. "Mwalimu, mi nakuambia habari ya mutu kufa, we unaniuliza kaye?"

"Iko kwa nani?"

"Kwangu."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Zamu ya kuipeleka ni ya nani?"

"Yangu. Lakini nikienda kwake leo, na bwana yangu aende kwa konseye kesho, batasema nilienda kumwambia akimbie. Batanichukua na mimi."

"Inawezekana," alisema. Nilitegemea anitie moyo kama alivyozoea, lakini alishika fremu ya mlango kama mtu anayesikia kizunguzungu. "Nenda, Mama Furaha. Usingoje mchana. Mutu anaweza kungoja siku moja tu, na hiyo siku moja..." Hakumaliza. Aliingia ndani, akafunga.

Nilitembea na kaye kifuani. Kila niliyekutana naye niliona kama anaitazama. Mama Esperansi alikuwa anapika uji katika kile kibanda chake, chini ya shitingi ya buluu, turubai la wakimbizi. Alinipa kigoda, yeye akakaa chini. Nilimuuliza moja kwa moja, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuzunguka.

"Kitunga cha Jumatatu kinaenda wapi?"

Aliacha kukoroga. "Kwa nini unauliza?"

"Kesho kuna mutu atauliza ku ofisi. Na huyo mutu analala nyumba moja na mimi."

Uji ulianza kuungua, hakuna aliyeutoa.

"Bwana yangu hakufa," alisema. "Iko ku kasho, kwenye komini ya juu. Kasho haina chakula, chakula kinatoka nyumbani. Ndiyo kitunga."

Ilibidi nielewe polepole. Mama Esperansi alikuwa mjane kanisani. Tulikuwa tumemwombea kama mjane. Na kile chakula tulichodhani kinakwenda msituni kilikuwa kinaingia katika jela ya serikali, mbele ya askari, kila Jumatatu.

"Ulituambia amekufa kule kambini."

"Mujane anaombewa, Mama Furaha. Bibi ya mufungwa anaangaliwa mikono."

"Amefungwa kwa nini?"

"Banasema alisimama kwenye kizuizi, 1994."

"Na we unasema nini?"

"Mi sikuwa pale. Nilimuuliza mara moja tu. Aliangalia chini." Alijifuta uso kwa kanga. "Nitapeleka viazi mpaka siku watamuhukumu. Zaidi ya hapo sina."

Nitakuwa mkweli kwako. Nilitaka kusimama niondoke. Nilikuwa na shangazi aliyebaki Rwanda wakati sisi tuko Masisi. Tulipofika hatukumkuta, na ni nani aliyemsimamisha kwenye kizuizi, kwenye vile vizuizi vya barabarani walikouawa watu, hakuna aliyetuambia. Uso wa shangazi yangu uliingia katika kibanda kile ukakaa nasi. Sikusema nimesamehe, maana hakuwa mumewe aliyekuwa mbele yangu, wala si mimi niliyeulizwa. Nilisema tu, "Bwana, tuko hapa wawili." Sala yote ilikuwa hiyo. Yeye akasema amina.

Kisha nikamwambia, "Siri ni yako. Siwezi kumwambia Baba Furaha bila wewe."

Aliutoa uji motoni, akajifunga kitambaa kichwani. "Nitamwambia mwenyewe. Twende kabla hajatoka."

Baba Furaha alikuwa uani, anatengeneza baiskeli. Alimwona, akasimama na spana mkononi. Mama Esperansi hakukaa. Alisema maneno yaleyale aliyoniambia, mume, kasho, kizuizi, viazi, bila kuongeza wala kupunguza. Nilijua sasa Baba Furaha ana silaha mbili badala ya moja, kitunga na mume aliyefungwa.

Mume wangu aliiweka spana chini. Hatimaye aliuliza, "Unatembea saa ngapi mpaka kule?"

"Tatu kupanda. Kushuka mbili."

"Na njia ile haina usalama."

"Haina."

Akainama tena juu ya baiskeli. Alhamisi hakwenda kwa konseye. Hakuwa rafiki wa mume wa Mama Esperansi siku ile wala baadaye, na hakuna aliyemtaka awe. Lakini baada ya miezi miwili, kabla komini haijatuita, tulihamia vyumba viwili vya kupanga karibu na kanisa. Siku ya mwisho nilimkuta Baba Furaha akibadilisha bawaba za mlango wa nyumba ile ya mawe. Nikamuuliza anatengenezea nani. "Ulikuwa unalia," alisema. Mlango, alimaanisha. Na nilipokwenda Jumatano na kaye, Mama Esperansi akiwa amesharudi katika nyumba yake, ule msumari ukutani haukuwa mtupu tena. Palikuwa na picha ya harusi. Aliona nimeiona. Tulikunywa chai, tukajifunza wimbo.

Sasa nikuambie nilivyomwona Mwalimu kwa mara ya mwisho akiwa bado na nguvu za kutembea. Ni mwaka 1999. Milio ilikuwa imepungua, watu wa Mudende walikuwa wakipanda viazi tena. Kifua kilimshika, akakosa Jumamosi tatu mfululizo. Nikaenda. Hakutoka nje. Alisema, "Sukuma, iko wazi."

Ndani palikuwa na kitanda, meza, na viti viwili. Kimoja kilikuwa na vumbi. Chupa ya maji ilikuwa dirishani. Alinimiminia chai, akataka kuionja kwanza. Nilikichukua kikombe nikanywa kabla. Alitabasamu kidogo. Kisha alifungua mto wake, akatoa kitabu cha nyimbo, cha kiwandani, pembe zake zimeliwa na panya. Juu ya jalada, kwa wino wa buluu, palikuwa na majina mawili. Moja lilikuwa lake.

"Huyu alikuwa jirani yangu," alisema. "Sauti ya tatu. Tulinunua kitabu kimoja, tukakishika kwa zamu, miaka kumi na moja. Wiki ile ya 1994 kitabu kilikuwa kwangu. Jumatano ilikuwa zamu yangu kukipeleka. Watu walikuwa wameanza kuuawa. Nilisema, ngoja Alhamisi, labda patatulia. Alhamisi niliwasikia wauaji wanapita hapa nje wakienda kwake. Nilikaa kwenye hiki kitanda."

Nilikiweka kikombe chini.

"Kama ningeenda Jumatano ningemficha, au wangetuua wote. Sijui. Ninachojua ni kwamba hakuona mutu. Alikuwa anajua ni siku yangu, Mama Furaha. Aliningoja."

Basi nikaelewa mlango uliovutwa, na ule mkono kwenye fremu. "Ana mutu aliyebaki?" nikauliza.

"Dada yake. Anakaa kwenye njia ya ziwa, anauza sambaza. Anajua niko hai."

Tulikaa. Sikutaka kumfundisha mtu aliyenifundisha. Lakini swali lilikuwa moja tu, na lilikuwa lake.

"Mwalimu, kitabu kiko kwa nani?"

Alinitazama, kifua kikipanda na kushuka. "Kwangu."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano," alisema, na naona hapo aliamini kwamba nilikuwa nimechagua kuja siku ile, ingawa kwa kweli nilikuwa sijachagua.

Alivaa koti. Tulitembea kwa njia ya ziwa, yeye akisimama kila baada ya hatua ishirini kutafuta pumzi. Mlangoni aliukamata mkono wangu mpaka ukauma, kisha akauachia, akabisha. Alifungua mama mwenye mvi, magamba ya samaki mikononi. Alimtambua mara moja. Uso wake ulijifunga.

"Nimeleta kitabu," Mwalimu alisema. "Nimechelewa miaka mitano. Sikuja kuomba chochote. Nimekuja kukuambia nilikuwa wapi."

Yule mama hakukichukua. Alitazama yale majina mawili muda mrefu. Kisha alisogea upande mmoja wa mlango, bila kusema karibu, na Mwalimu akainamisha kichwa akaingia. Mimi nilirudi nyumbani. Walichosema ni chao.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kuna mtu umemfikiria tangu nilipoanza. Tafuta kitu kimoja mtakachoshika kwa zamu, kaye, sufuria, jembe, chochote. Usimtume mtoto, usimpe njiani. Ikifika zamu yako, nenda siku hiyohiyo, uingie, ukae.